Kamba au Mbuzi ya Nazi

Nimebishana na watu wengi maishani, na mara nyingi nimeshindwa bila kujeruhiwa. Ubishi ulioniuma kuliko wote ulihusu kamba ambayo haipo. Ilikuwa kamba ndefu ya katani, imara, yenye ndoana ya chuma mwishoni, na makao yake pekee duniani yalikuwa mstari mmoja wa penseli kwenye karatasi ya mpwa wangu. Dada yangu aliufuta mstari huo kwa ncha ya kidole alichokilowesha mate. Mpaka leo nikipita dukani nikaona kamba imening'inia, moyo hunishtuka kidogo.

Wakati huo dada yangu alikuwa katika eda. Mumewe, fundi wa mashine za boti aliyependwa na kila mwenye boti mbovu, alikuwa amefariki, naye akakaa ndani ya nyumba yao ya Langoni kama ilivyo ada yetu: nguo za kawaida, bila wanja wala udi wala asmini, hatoki nje ila kwa dharura. Watoto wake wawili wa kiume wanafanya kazi Mombasa. Bintiye, kitinda mimba, alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu kukaa naye. Mimi, mdogo wake, naishi vichochoro vichache kutoka hapo, na kila siku baada ya alasiri nilipanda ngazi zake kumjulia hali. Mimi huandika makala. Majirani huitaja kazi yangu kwa upole ule ule wanaoutumia kutaja kisukari cha mtu: kitu kinachojulikana, kisichopona, na mwenyewe kwa kumtazama yuko mzima tu.

Kabla ya msiba dada yangu alikuwa mtu wa maneno. Mchuuzi wa samaki akipita mlangoni kwake alikuwa anaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Baada ya mazishi alibaki na neno moja: mutakavyo. Tupike nini leo? Mutakavyo. Dirisha lifungwe au liachwe? Mutakavyo. Alishona kofia zake kimya, sindano inaingia na kutoka, na neno hilo akilitoa bila kuinua macho, kama mtu anayempa maskini sarafu ili apite.

Wanawe walikuwa wamemwomba ahamie Mombasa eda ikimalizika. Ni watoto wazuri. Hakuna ubaya waliokuwa nao. Walikuwa wamemtengea chumba, na nyumba ya Langoni wataikodisha au kuifunga. Wakanipa mimi, kwa umri wangu na elimu yangu, kazi ya kupata neno lake. Nikajiandaa vizuri, nikampa hoja za upande huu na upande ule, nikatumia hata neno "mustakabali". Akasema mutakavyo. Nikawapigia simu vijana nikawaambia mama yenu hana neno. Wakafurahi, wakaanza kuulizia watu wa kusafirisha vyombo.

Binti yake hakufurahi. Alinikuta kwenye ngazi nikishuka, akaniziba njia.

"Mama hajakubali, mjomba," akaniambia. "Mama ametoka tu, akaacha mlango wazi. Sasa kila mtu anaingia na kusema amekaribishwa."

Nilitamani sentensi hiyo ningeiandika mimi. Nikamuuliza basi tufanye nini. Ndipo akaniambia habari ya mchezo.

Ni mchezo alioujua chuoni, na nitaueleza kama nilivyouelewa siku hiyo, maana tangu hapo nimeuelewa zaidi na umezidi kunichanganya. Mtu mmoja husimulia. Wengine kila mmoja hujitungia mhusika, mpiganaji au tabibu au mwizi, na hadithi ikifika penye njia panda msimulizi huuliza: unafanya nini? Unasema unachofanya. Kama jambo lina mashaka, bahati ndiyo inayoamua. Hakuna ubao, hakuna mshindi, na hadithi inaweza kuchukua miezi. Lakini kabla ya safari yoyote, mhusika mpya sharti achague vitu vya kuanzia: silaha, nguo, taa, chochote anachoweza kubeba. Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa ameweka tumaini lake. Alisema anataka kumwona mama yake akichagua kitu, hata kiwe cha uongo.

Tulikwama mlangoni. Bahati ya mchezo huo huja kwa dado, na mpwa wangu alikuwa nazo katika mfuko wa mahameli, za rangi rangi, nyingine zina nyuso ishirini. Alizimwaga kwenye mkeka. Dada yangu akazitazama kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba dado haziingii nyumba hii. Katika mambo ya dini hakuwa amepoteza ulimi; ni katika mambo yake mwenyewe tu. Mpwa wangu akazirudisha mfukoni. Akafikiri. Akaenda kuleta kopo la vifungo vya kushonea, akachagua ishirini vyeupe, akaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito, akaniomba kofia yangu. Vifungo vikatiwa humo. Mama yake akauliza, hiyo sasa ni nini? Akajibiwa ni kura. Akashona mishono kadhaa akilipima jambo hilo, kisha akatoa hukumu kwamba kura si dado. Tangu siku hiyo nimekuwa nikicheza kichwa wazi.

Tukakwama tena. Mimi, kama mtakavyokuwa mmekwisha kisia, nilichagua kuwa mchawi. Si kwa ubaya. Kwenye karatasi za mpwa wangu mchawi ni mtu wa vitabu, dhaifu wa mwili, anayejua lugha zilizokufa na hana hata rafiki mmoja. Nilijiona hapo kama kwenye kioo.

"Nyumba ya msiba," akasema dada yangu akiiambia sindano, "na mwana wa baba yangu yuwaya kuwa mchawi."

Nikawa mwanachuoni wa ilimu za siri. Kazi ile ile, mavazi yale yale. Nilimpa jina refu la heshima ambalo hakuna aliyeweza kulikumbuka, na mimi nikiwamo.

Ikaja zamu yake. Mpwa wangu akamuuliza, mama, wewe utakuwa nani? Mutakavyo. Basi tukuandike msafiri? Mutakavyo. Akaandika msafiri. Halafu dada yangu akasimamisha sindano na kuuliza, hivi mwenye eda anaweza kutoka, hata kwa maneno? Nilikuwa nimelingoja swali la namna hiyo tangu chuo kikuu. Nikaeleza tofauti iliyopo kati ya mwili na fikra, na kwamba kizingiti huvukwa kwa miguu, na kwamba mtu anayeota yuko Makka hajahiji. Nilikuwa ndiyo kwanza napamba moto.

"Nani alokupa umufti?" akaniuliza.

Mpwa wangu ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Mama, huyu msafiri si wewe. Ni mtu mwingine. Wewe unamsemea tu."

Dada yangu akalitafakari hilo. "Ana mume?"

Mpwa wangu alinitazama, nami nikavitazama vifungo. Kule chini seremala alikuwa akigonga patasi, tok, tok, tok.

"Hana," akasema dada yangu mwenyewe. "Wala tusimuulize."

Sasa tukafika kwenye vitu. Kanuni ilikuwa rahisi: kila mhusika ana nafasi kumi za kubebea. Kitu cha kawaida hula nafasi moja, kitu kizito hula mbili, kitu kidogo kama sindano hakihesabiwi. Mpwa wangu alikuwa amepiga chapa orodha kwenye duka la kompyuta karibu na gati: upanga, ngao, mienge, hema, kiriba cha maji, kamba yenye ndoana, nyundo na misumari, kengele, chaki, chakula kikavu cha wiki moja.

Mimi huwa nafunga mizigo vibaya, na hili linajulikana katika ukoo. Mara moja nilikwenda Kiunga kuandika habari za kasa. Nilibeba vitabu vinne, madaftari, chaja mbili za simu na suruali ya akiba. Sikubeba kofia ya jua, wala shuka, wala kandambili. Wenyeji wangu walinivisha na kunifunika kama mtoto wa kuokotwa, na katika makala niliandika kwamba nilijifunza mengi kuhusu maisha ya kujitegemea. Lakini kosa moja sikulifanya: sikubeba chakula. Nilibeba halwa, kubwa, ndani ya kikapu chake. Kwetu hakuna mtu mwenye mama aliyemlea anayekwenda mji wa watu na chakula chake mwenyewe. Ni sawa na kumwambia mwenyeji: nimesikia habari za jiko lako.

Nikashika penseli. Vitabu vitatu vikubwa, nafasi tatu. Wino na kalamu, moja. Joho la sherehe, moja. Fimbo, moja. Taa na mafuta yake, mbili. Kisanduku cha kuhifadhia karatasi zisilowe, moja. Kioo cha kukuzia maandishi madogo, moja. Nafasi zikaisha. Mpwa wangu akaniuliza, na kamba je? Pangoni bila kamba mtu hafiki mbali. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye mipango, kwamba kamba ataibeba msafiri.

Dada yangu alikuwa ameisogeza karatasi karibu kidogo, kwa ukucha.

"Huko twenda kwa nani?" akauliza.

Mpwa wangu akaeleza kwamba tunakwenda kwenye pango lililo upande wa pili wa mlima, na kwamba hatuendi kwa mtu. Dada yangu akauliza, pangoni hamna mtu kabisa? Hamna mtu, mama, kuna zimwi. Linakaa humo? Ndiyo. Siku zote? Siku zote.

"Basi tuna mwenyeji," akasema. Akachukua penseli kutoka mkononi mwangu na kukikata chakula cha wiki moja.

Mpwa wangu alijaribu. Alisema kwa adabu kwamba katika mchezo huu watu wakikosa chakula hudhoofika, halafu hufa. Mama yake akamuuliza amewahi kumwona nani amekwenda kwa watu na mkate wake kwapani. Mpwa wangu akanigeukia mimi, msomi, mtu wa vitabu vitatu, niseme neno la akili. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuliona kosa. Nilikuwa nimeipitia orodha ile kutoka juu hadi chini, na chakula kile nilikuwa nimekiruka kwa sababu hiyo hiyo, bila hata kujua kwamba nimekiruka. Nikasema dada ana haki. Nikaongeza kwamba labda tungebeba halwa.

Halwa ikaandikwa. Ikafuata buni ya kahawa, maana zimwi linaloishi peke yake huenda halijanywa kahawa ya maana muda mrefu. Ikafuata ubani. Hema ikakatwa, ukawekwa mkeka wa Kipungani, wa kutandika mbele ya mwenyeji, si wa kulalia. Upanga dada yangu aliutazama kisha akauliza kama katika safari hii kuna mwanamume. Akaambiwa yupo mjomba. Akanipima kwa macho. Upanga ukabaki, nafasi moja, kwa shingo upande. Kiriba cha maji kikapita bila maneno. Mpwa wangu alikuwa akiandika kwa haraka, kichwa kainamisha, na nilijua anaficha uso.

Zilibaki nafasi nne. Nikasema, mbili ni za kamba, maana ni nzito, na mpwa wangu akaiandika kwa penseli.

"Twarudi lini?" dada yangu akamuuliza bintiye.

Haijulikani, mama. Wasafiri wa namna hii huenda tu, kutoka mji hadi mji. Wengine hawarudi tena kwao.

Dada yangu akaiweka kofia aliyokuwa akiishona juu ya goti.

"Hiyo si safari basi. Hiyo ni kuhama." Akasema kama anayemsahihishia mtoto hesabu. "Kama twahama, natukua mbuzi yangu."

Kwa msomaji wa bara: mbuzi ya nazi ni kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Unakikalia, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakuna. Ya dada yangu ni ya mti mzito uliong'aa kwa kukaliwa. Aliingia nayo nyumba ile akiwa bibi harusi. Mpwa wangu alipima kwa macho akasema hiyo ni nafasi mbili. Ukiongeza mfuko wa mchele, ambao mama yake aliutaja katika pumzi iyo hiyo, ni tatu. Kamba haiingii.

Hapo ndipo nilipoupoteza utu uzima wangu. Nilisema hakuna mtu katika historia ya mchezo huu, tangu ulipobuniwa, aliyeingia pangoni na mbuzi ya nazi. Nilisema kamba ni uhai. Nilisema mimi ninabeba elimu ya msafara mzima na ni haki mwenzangu abebe kamba. Nilisema, na hili nalikumbuka kwa aibu, kwamba huko milimani hakuna minazi.

"Wajuaje?" akauliza. "Umefika?"

Nikamwomba afikirie shimo. Nikaeleza shimo vizuri, kina chake na giza lake, na mtu aliyetumbukia humo akiomba msaada. Nikasema, kwa sauti ya kubembeleza, dada yangu, beba kamba.

Alilowesha kidole kimoja mate, akaufuta mstari wa kamba mpaka karatasi ikachubuka.

"Sitaki," akasema.

Lilikuwa neno dogo, hakulipandishia sauti. Lakini mpwa wangu aliacha kuandika. Tangu siku ya mazishi hatukuwa tumelisikia neno hilo. Dada yangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza tumeona nini. Tukasema hatujaona kitu. Akaokota kofia yake akaendelea kushona, na baada ya mishono michache akasema chai tuliyompa ilikuwa na tangawizi kidogo mno, na kwamba alikuwa anakunywa maji ya moto siku zote hizi na hakuna aliyemwambia.

Tulicheza Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri. Nitakuwa mfupi, maana aliyeaibika ni mimi.

Tulifika kwenye mdomo wa pango. Mpwa wangu alieleza giza, harufu ya mifupa, na upepo unaotoka ndani kama pumzi. Akauliza, mnafanya nini? Dada yangu akasema anavua viatu. Kisha anapiga hodi. Mpwa wangu akasema hakuna jibu. Akapiga ya pili, hakuna jibu. Akapiga ya tatu. Mpwa wangu, ambaye chuoni alizoea watu wanaoingia mbio na mapanga, alitoa sauti ya maji yakidondoka mbali ndani ya giza.

"Mwenyewe hayupo," dada yangu akasema. "Turudi."

Nikavaa viatu. Nakiri kwamba nilivivaa bila kufikiri. Hodi tatu ni hodi tatu. Mpwa wangu aliona mchezo aliouandaa kwa wiki nzima unakusanya mkeka wake na kuondoka. Akasema haraka haraka kwamba kumbe zimwi lilikuwa limelala, na sasa limeamka, na linasema karibu. Kwa sauti nene, lakini karibu ni karibu.

Tukaingia. Zimwi lilikuwa na minazi, mpwa wangu aliamua papo hapo, na nadhani alifanya hivyo ili kunikomesha mimi. Minazi mitatu uani nyuma ya pango, na nazi zimeanguka miaka mingi bila mtu wa kuzifua. Dada yangu akatandika mkeka, akatoa halwa, akakaa juu ya mbuzi yake. Ikabidi ipigwe kura kama zimwi limeridhika. Mpwa wangu akatia mkono kofiani akatoa kifungo: namba nne. Ni mbaya. Zimwi, akasema, linaila halwa pamoja na kikapu chake, na bado linakutazama. Dada yangu hakubabaika. Akasema huyu ana ndaa, mwenye ndaa hana adabu, na akaanza kukuna nazi kwa mikono mitupu pale sebuleni, kifuu cha hewa kati ya viganja vyake, mabega yakienda mbele na nyuma. Sijui kama alijua anafanya hivyo.

Mimi nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Nikasema mwanachuoni anachukua taa na kwenda kukagua maandishi kwenye kuta za ndani. Kura yangu ilitoka namba moja. Mpwa wangu akaeleza shimo. Alilieleza kwa maneno yangu mwenyewe, kina chake na giza lake, hakubakisha hata moja. Nikatumbukia na vitabu vyote vitatu.

Nikaita. Dada yangu akasema amesikia. Akafunga kanga mbili alizojitanda ncha kwa ncha, akanishushia sahani ya wali wa nazi.

Nikasema, kama kanga zinafika, si anivute? Akasema kanga hizo zinabeba sahani. Hazibebi msomi.

Wanawe walipiga simu tungali tumekaa. Ijumaa ndiyo siku yao. Mpwa wangu aliweka simu katikati ya mkeka, sauti nje, kati ya kofia na karatasi. Mkubwa akasalimia, akauliza hali, kisha akasema kwamba wamepata watu wa kupanga nyumba, watu wa heshima, na wanataka kujua vyombo vipakiwe lini.

Nilimwona mpwa wangu ameshika kifungo kimoja mkononi.

"Sihami," akasema dada yangu.

Akaongeza kwamba atakwenda kuwatembelea, eda ikimalizika inshallah, na atakaa nao, wakimchoka wamrudishe. Kwamba chumba wamemwekea, Mungu awalipe, naye atawaona wajukuu. "Lakini sihami, mwanangu. Sitaki."

Kijana aliomba azungumze na mjomba. Nikachukua simu nikatoka nayo hadi kwenye ngazi. Aliniuliza, kwa heshima, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha lipa watu wa kubeba, nilikuwa nimemwambia nini mama yao. Nikamwambia kwamba tulikuwa tukizungumza habari za kamba.

Eda ilipomalizika dada yangu alikaa mwezi mzima kwanza, kuushiba mtaa kwa macho, kama alivyosema, na kuwapa wachuuzi nafasi ya kujirekebisha. Kisha akaenda Mombasa kutembea. Nilikwenda gati kumsindikiza na nikajikuta nahesabu nafasi za mzigo wake. Kikapu cha halwa. Mkeka mpya wa Kipungani, wa mkwewe. Kahawa. Mkoba wa nguo, mdogo. Chakula, hakuna. Kamba, wala sikuuliza. Mpwa wangu alikuwa anabaki na nyumba, na nilijua, kwa sababu nilikuwa nimetoka huko asubuhi hiyo, kwamba mbuzi ya nazi ilikuwa mahali pake jikoni, imeegemezwa ukutani.

Nikamuuliza hata hivyo. Nilitaka kulisikia. Nikasema, dada, mbuzi yako umeisahau.

"Naenda mgeni," akasema. "Mgeni hakuni nazi."

Boti ya kuvukia Mokowe ilikuwa inaita watu wa mwisho. Akampa bintiye maagizo ya jiko, ya paka na ya dirisha la kusini, yote kwa pumzi moja, na hakuna hata agizo moja lililokuwa na mutakavyo ndani yake. Alipokuwa anashuka ngazi za gati akimshika baharia mkono, nikakumbuka jambo langu. Nikamwita. Nikamuuliza, na mimi je? Mwanachuoni wangu yuko shimoni tangu Ijumaa ile, na msafiri ndiye mwenye kanga.

Alikaa kwanza, akajipangia kikapu miguuni, akaweka sawa buibui lake. Kisha akaniangalia, mimi niliyesimama juu ya gati kichwa wazi.

"Kaa uko uko," akasema. "Una vitabu."